Kidole Kilichoharibu Riwaya

Jumamosi, 10 Juni 1995

Nimefika nyumbani Nkololo. Likizo ya mwezi mzima. Vumbi hadi kwenye kope.

Nimeamua. Likizo hii napanga riwaya. Riwaya ya mapenzi, yenye sura zake, si insha!

Aliyeniambia ninaweza ni Mwalimu Wilhelmina, anayetufundisha Kiswahili kidato cha tatu. Alinibakiza darasani baada ya kurudisha insha. Akasema lugha yangu ni safi, lakini bahari niliyoieleza imekaa kama lambo la kunyweshea ng'ombe. Akauliza kama nimewahi kuiona bahari. Hapana, mwalimu. Basi iache, akasema, andika unachokijua. Halafu akanipa utaratibu: kusanya kwanza. Sikiliza watu, hasa wasipojua kuwa unasikiliza. Kisha panga. Na usiandike sura ya kwanza kabla hujajua mwisho.

Jenifer, ninayelala naye kitanda cha juu na chini bwenini, anapinga. Mapenzi bila ufuko na gari jeupe nani atasoma? Yeye amezimaliza riwaya zote zinazozunguka bwenini, hata zile zisizo na jalada wala kurasa za mwisho. Mwisho anajitungia mwenyewe.

Ninachokijua mimi: pamba, ng'ombe, kisima cha mchangani, kwaya ya kigango. Mungu wangu. Mapenzi yako wapi hapo?


Jumatatu, 12 Juni

Nimeanza kukusanya. Nimeanza na Mama, kwa kuwa yupo karibu.

Tulikuwa shambani tunachuma pamba, mimi, yeye na dada yangu Nyamizi. Nikamuuliza Mama alimpendaje Baba. Ameinuka akanitazama kama nina homa.

Nyumbani tunaongea Kisukuma, kwa hiyo nilitumia neno letu, kutogwa. Na hapo ndipo nilipokwama. Kutogwa ni kupenda. Lakini ni kuridhia pia. Ni kufurahi pia. Mama akajibu akiendelea kuchuma: babu yako alinikalisha mbele ya wageni akaniuliza, *utogilwe?* Nikasema *natogilwe.* Nikaolewa.

Nikamuuliza, sasa ulimaanisha unampenda, au umekubali?

— Si neno ni hilohilo, mayu?

(Mayu ni mama kwa Kisukuma, lakini ndivyo anavyotuita sisi mabinti zake.)

Nyamizi alicheka hadi pamba ikamtoka mkononi. Baba alipopata habari jioni akauliza kama siku hizi shuleni tunafundishwa upelelezi.

Nimefikiria mchana kutwa. Katika vitabu vya Jenifer, msichana husema "ninakupenda" na moyo unapasuka. Huku anasema neno ambalo angeweza kulisema kuhusu maziwa mgando. Nitaandikaje?


Jumatano, 14 Juni

Shangazi Felisita amekuja kutoka Zagayu. Huyu ni hazina! Ameachana na waume wawili na anawasimulia wote kwa upendo.

Wa kwanza alimpata kwa chagulaga. Nimesikia neno hili tangu utoto lakini sikuwahi kulitazama kwa macho ya mwandishi. Wasichana wanatoka ngomani, vijana wanawazunguka njiani. "Chagulaga! Chagulaga, mayu!" — chagua, mama, chagua! Hupiti mpaka useme. Ukimgusa mmoja, wengine wote wanaachia njia, yule anabaki kuwa wako.

Nikamuuliza Shangazi alitumia kigezo gani. Akasema kofia. Kijana alivaa kofia nzuri sana, nyeusi, ya mviringo.

— Kumbe kofia ya kuazima! Asubuhi mwenyewe kaifuata. Nikabaki na kichwa.

— Usingeweza kusema umekosea?

— Niseme kwa nani? Wenzake wote wameona mkono wangu.

Nimeandika pembeni: HIKI NDICHO KILELE CHA RIWAYA. Vijana, mduara, vumbi la ngoma, msichana katikati, mkono unanyooka. Hakuna ufuko unaoshinda hili. Nimefurahi hadi nikasahau kugeuza maharage, yakaungua. Mama ameniwekea yaliyoungua sahanini.


Ijumaa, 16 Juni

Tumepeleka pamba kuuza. Mambo yamebadilika. Ghala la ushirika limefungwa kwa kufuli, popo wamejaa darini. Siku hizi kuna makampuni. Kampuni moja imemfanya jirani yetu, Mzee Mahona, kuwa wakala wake. Wamempa mizani, wamempa mhuri, wamempa vitabu vya stakabadhi. Mizani ameining'iniza nje kwake, mhuri anauvaa shingoni kama rozari.

Shida ni moja: Mzee Mahona hajui kusoma. Mwanawe Mhoja naye aliachia darasa la nne akaenda kuchunga. Leo mzee aliniona kwenye foleni akanisalimia kwa sauti, kwa Kisukuma: Mwadila, Anyesi, binti wa shule! Nikamjibu kwa heshima, nikapiga goti. Akanikalisha kwenye kiti chake nimwandikie stakabadhi. Nimeandika hadi jua limeelekea magharibi. Akawa anawaambia watu, tazameni mkono ule, unakwenda kama cherehani.

Lakini jambo la leo si hilo. Jambo la leo ni Mhoja na mizani. Furushi la kila mtu alilining'iniza juu juu. La Nyamizi alilikumbatia. Alilishusha polepole, akaliweka kivulini. Hawakusalimiana hata! Mwandishi gani asingeona?

Njiani nikambana Nyamizi. Alikana. Nikambana tena. Akasema, unamjua mtamba wao mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji? Nikasema namjua. Anaitwaje? Sijui.

— Anaitwa Nyamizi.

Basi nikaelewa! Kila jioni tunasikia Mhoja anarudisha ng'ombe nyuma ya shamba letu, anaita, Nyamizi, rudi! Nyamizi, usinisumbue! Nyamizi, usiku unaingia! Miaka miwili nimedhani dada yangu anaitwa na mtu wa kisimani. Na yeye anasimama mlangoni, anasikiliza, anarudi ndani kusonga ugali. Ndiyo maongezi yao yote.

Amesema Mhoja ameahidi kumweleza baba yake atume mshenga. Baada ya mavuno. Aliahidi pia mavuno yaliyopita.

Akaniapisha kwa jina la marehemu bibi nisimwambie mtu.


Jumapili, 18 Juni

Baada ya misa nimekaa nyuma ya kihenge cha nafaka, kwenye kivuli, nikapanga.

Mhusika mkuu wa kiume. Nilikuwa naye tangu bwenini: Edwin, mrefu, gari jeupe. Nimemfuta. Anakaa tu ndani ya gari lake, hashuki, kwa sababu sijui mlango wa gari dogo unafunguliwaje kwa ndani. Sasa ni mchungaji wa ng'ombe. Mara moja ameanza kutembea mwenyewe! Anapiga mluzi. Ana kovu la mwiba kwenye kisigino.

Mhusika mkuu wa kike. Mkimya. Anasikiliza mlangoni.

Mandhari. Hapahapa.

Kilele. Chagulaga.

Kikwazo — hapa nimekwama. Mwalimu alisema bila kikwazo hakuna riwaya. Lakini hawa wawili wana kikwazo gani? Wazazi ni majirani, hawajawahi kugombana hata kwa ng'ombe kuingia shambani. Hakuna tajiri anayemtaka msichana. Hakuna vita wala ugonjwa. Kinachowazuia ni kwamba hakuna anayesema. Kikwazo gani hicho? Nani atalia?

Nimemwambia Nyamizi, kwa utani, aniongezee kikwazo. Akasema nisubiri, nitachoka kuvihesabu.


Jumamosi, 24 Juni

Nimefanya nini.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mwalimu alisema tukikosa la kusema tuandike kilichotokea.

Leo ilikuwa ngoma ya mavuno. Makundi mawili yalishindana, vumbi lilisimama kama ukuta, watu kutoka kila upande. Nilikuwa nakusanya kwa macho na masikio. Jioni, jua bado lipo, tukarudi mimi na Nyamizi. Kwenye njia ya mashamba, vijana kama watano wakatokea. Wakatuzunguka. "Chagulaga! Chagulaga, mayu!" Walikuwa wanacheka. Mmoja akasema, huyo mdogo mwacheni, ni wa shule, atatuletea serikali. Kwa hiyo ilikuwa zamu ya Nyamizi, si yangu. Mimi nilikuwa mtazamaji tu!

Na Mhoja alikuwepo. Nyuma kabisa. Wenzake walikuwa wanamsukuma mbele, yeye anatazama vidole vya miguu.

Nyamizi akanyamaza. Nilimtazama akinyamaza. Nikamtazama Mhoja akitazama chini. Nikaona kilele changu kinapita mbele yangu na hakuna anayekishika. Baada ya miaka miwili ya kuitana kupitia ng'ombe!

Nikanyoosha mkono. Nikamshika Mhoja mkono wa shati.

— Huyu! nikasema. Mhoja!

Nilikuwa namchagulia dada. Nani asingejua? Ilikuwa wazi kama mchana!

Vijana wakatazamana. Halafu wakalipuka. Wa shule kachagua! Wa shule kachagua! Nikapiga kelele, si mimi, ni dada, ni kwa ajili ya dada! Wakazidi. Mmoja akasema, dada hana mkono? Akamgeukia Nyamizi: eti, mayu, nawe umechagua?

Nikamwangalia. Aseme ndiyo, neno moja tu, na yote yanyooke.

Nyamizi akasema:

— Mimi sijachagua mtu.

Akaenda zake mbele, haraka, kanga yake imeshikiliwa kwa meno. Vijana wakaachia njia. Wote isipokuwa mmoja. Mhoja alibaki amesimama kama desturi inavyotaka, uso umemvimba kwa aibu. Nami nilikuwa bado nimeshika shati lake.


Jumapili, 25 Juni

Nyamizi amelala ukutani, kanipa mgongo. Kanisani ameimba nyimbo zote bila kunitazama.


Alhamisi, 29 Juni

Mshenga amekuja. Ni Mzee Januarius, yule anayepiga chafya kabla ya kila jambo zito. Mama alimkaribisha akidhani amekuja kuomba jembe.

Nilisikiliza nikiwa jikoni. Sikusikiliza kwa ajili ya riwaya. Mzee Januarius akapiga chafya, akasema ametumwa na Mzee Mahona. Kwamba vijana wenyewe wameshamaliza kazi, binti amechagua mbele ya watu, wazee wamebakiziwa kula tu. Baba akauliza, binti yupi? Mzee Januarius akasema yule mwenye mkono wa cherehani.

Ni mimi huyo.

Halafu akaeleza. Mzee Mahona hataki kuficha. Ng'ombe anao, mizani anayo. Anachokosa nyumbani kwake ni kalamu. Mwaka jana watu wa kampuni walimsomea karatasi moja mara tatu, na kila mara ilisema kitu tofauti. Akimpata mkwe aliyefika kidato cha tatu, atalala usingizi.

Anataka kalamu yangu! Hajanitaja hata sura.

Baba akasema atafikiria. Lakini alivyosema, sauti yake ilikuwa imekaa vizuri. Baba akikataa, sauti hupanda.

Nyamizi alikuwa ananing'iniza nguo nje. Ukuta wetu ni mwembamba. Aliendelea kuning'iniza, nguo moja juu ya nyingine, kamba nzima tupu na rundo mahali pamoja.


Jumamosi, 1 Julai

Nyamizi amesema nami. Bora asingesema.

Tulikuwa tunachimba kisima mchangani, maji yamekwenda chini sana mwaka huu. Nilimwambia nitakwenda kwa Baba nimweleze yote. Kwamba nilimchagulia yeye. Kwamba wanapendana.

Akaacha kuchota. Akasema: halafu Baba atauliza, tangu lini? Nami nitajibu nini? Miaka miwili nimekuwa nikisikiliza mtu mlangoni? Nani ataamini tulikuwa tunasikilizana tu? Atamdai Mzee Mahona ng'ombe wa faini kwa mwanawe kunichezea. Mzee Mahona atakasirika. Hapo Mhoja ndiyo ataozwa mbali, hata sauti yake sitaisikia.

Nikasema, ungesema neno moja tu siku ile.

— Na wewe ungenyamaza neno moja tu siku ile.

Nikalia. Yeye hakulia. Akajaza ndoo yangu kwanza, kisha yake, kama siku zote. Alipojitwisha akasema:

— Mwandishi. Ulikuwa unatafuta kikwazo. Umekipata, ni wewe.

Sikuweza kutembea naye. Nimekaa mchangani mpaka ng'ombe wakaja kunywa.


Jumanne, 4 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Mahona. Kwa kisingizio cha stakabadhi. Mzee amefurahi, ameniletea soda ya moto kabisa, akasimama kunitazama nikinywa kama mtu anayejaribu baiskeli mpya kwa macho.

Alipokwenda kusukumana na watu wa gari la kampuni, nikamgeukia Mhoja. Alikuwa anafunga furushi. Nilimwambia kwa sauti ya chini, mwambie baba yako ukweli. Wewe ndiye mwenye mdomo hapa.

Akafunga fundo. Akalifungua. Akalifunga tena.

— Nikiulizwa nitasema.

— Utaulizwa lini?

— Mimi? Akacheka kidogo, cheko la huzuni. Anyesi, mwanaume haulizwi. Baba anauliza ng'ombe wangapi. Baba yako anakuuliza wewe *utogilwe*. Mimi nani ananiuliza?

Nikasema, jisemee bila kuulizwa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia aruke. Hana ubaya. Ndiyo maana inauma. Ningekuwa namwandika ningempa hotuba ya ukurasa mzima, amwangushe baba yake kwa maneno. Huyu amekaa na fundo lake.

Nilipoondoka akaniuliza, anakula? Nilijua anamuulizia nani. Nikasema kidogo. Akasema basi.

Riwaya imekufa. Nimejaribu kufikiria sura hata moja, na kila ninayemweka pale ananitazama kwa macho ya Nyamizi.


Ijumaa, 7 Julai

Baba ameniita chini ya paa la zizi, tukiwa wawili. Baba si mkali. Laiti angekuwa mkali.

Akasema: Anyesi, mwanangu, shule si jambo baya. Mimi mwenyewe nilikupeleka. Lakini tazama pamba ilivyo, tazama shule inavyotaka kuchangiwa kila muhula. Mwaka ujao sijui. Na wewe kusoma unajua tayari. Kuandika unajua. Sasa kimebaki nini cha kujifunza?

Nimetafuta jibu. Mimi niliyesifiwa kwa lugha safi! Nikasema, bado vitabu, Baba. Akasema vitabu vipo kwa Mahona, vya stakabadhi, vitakusubiri hadi uzeeni. Hakuwa ananitania.

Halafu akasema kitu ambacho kimeniua kabisa. Amekwenda kutazama ng'ombe watakaoletwa. Wazuri. Yupo mtamba mmoja mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Huyo, amesema, nimemwambia Mahona bila huyo hatuzungumzi.

Watamtoa Nyamizi ili wanichukue mimi. Na atalala kwenye zizi letu. Dada yangu atamkamua.

Baba alidhani nalia kwa furaha ya kuthaminiwa. Akanipigapiga bega. Akasema Jumapili nitaulizwa mbele ya wageni, na kwamba hawezi kunilazimisha, yeye si baba wa namna hiyo. Nitajibu mwenyewe.

Hilo angalau. Nitajibu mwenyewe. Lakini kwa neno lipi?


Jumapili, 9 Julai

Shule inafunguliwa kesho. Sanduku langu liko chini ya kitanda, halijafunguliwa wala kufungwa.

Wageni wamefika baada ya misa. Niko nyuma ya kihenge, nimevaa gauni la kanisani, Mama amesema nisikae chini nitalichafua, kwa hiyo naandika nimesimama. Nitaandika haraka.

Mama amenielekeza. Chakula kikiwa tayari nitapeleka maji ya kunawa. Nitapiga magoti, nitawanawisha wazee mmoja mmoja. Nikifika mwisho Baba ataniuliza. Nami nijibu kwa sauti, maana Mzee Januarius masikio yake si mazuri.

Nikisema *natogilwe*, nimemaliza. Shule, dada, vyote. Na watapiga vigelegele kwa sababu watasikia nimesema ninapenda. Nikikataa, Mzee Mahona ataaibika mbele ya watu aliowaleta, atageuza ng'ombe wake, na nyumba hizi mbili hazitasalimiana tena. Mhoja atakuwa amekwenda na dada atakuwa amebaki. Nimegeuza na kugeuza. Maneno ni mawili, na yote mawili yanamwangukia Nyamizi.

Mwalimu Wilhelmina, sijui mwisho! Ulisema nisianze kabla sijaujua, nami nilianza kwa mkono.

Kumetokea kitu sasa hivi. Nakiandika.

Mhoja amekuja. Hakuja kama bwana harusi, amekuja kwa sababu ndiye anayeswaga ng'ombe, hakuna mwingine anayewaweza. Wazee wamekaa vitini, yeye amesimama na fimbo langoni pa zizi. Ng'ombe wote wakaingia. Mtamba mwekundu akagoma. Akakita miguu, akageuza kichwa. Mhoja akambembeleza kwa mluzi, akakataa. Ikabidi amwite. Nilimwona akitazama huku na huku kwanza, kama mwizi.

— Nyamizi. Njoo, Nyamizi.

Jikoni kitu kikaanguka. Mwiko, nadhani.

Baba akageuka: unamwita nani, kijana? Mhoja akasema, mtamba, baba. Wazee wakacheka. Mzee Januarius akauliza mara mbili ameitwa nani, wakamwambia, akacheka peke yake baadaye. Baba hakucheka. Alimtazama Mhoja muda mrefu kidogo. Kisha mtamba. Kisha mlango wa jikoni. Halafu Mzee Mahona akaanza kusifia kwato, na Baba akarudisha uso kwa mgeni kama adabu inavyotaka.

Ameona? Sijui. Baba si mwepesi. Lakini ni mchunga ng'ombe wa zamani, anajua mtu hampi ng'ombe jina bure.

Nami hapo nimepata wazo. Ni dogo, huenda ni la kijinga. Mhoja alisema: nikiulizwa nitasema. Basi aulizwe! Baba akiniuliza mimi, sitasema ndiyo wala hapana. Nitamgeukia Mhoja mbele ya wote, nimwambie neno ambalo sisi wasichana huambiwa njiani na hakuna aliyewahi kulirudisha.

Chagulaga.

Sijawahi kusikia msichana akimwambia mwanaume hivyo. Haimo katika kitabu chochote cha Jenifer. Shangazi Felisita, ambaye yumo jikoni akionja nyama kuliko anavyoipika, nimemnong'oneza. Amesita na mnofu mkononi. Akasema watanipiga. Halafu akasema, lakini angalia usimshike tena shati.

Naogopa. Atatazama vidole vya miguu. Najua atatazama. Atamtazama baba yake, kisha chini, na kimya chake kitahesabiwa kuwa jibu, na jibu litakuwa mimi. Nimemwandika vya kutosha kumjua. Sijui kwa nini nafikiri leo atainua uso. Labda kwa sababu alimwita kwa jina mbele ya Baba, wakati angeweza kumchapa fimbo tu.

Ili achague lazima tuwepo wote wawili. Kunawisha kunataka birika na beseni. Mama amenipangia nishike vyote peke yangu, birika kulia, beseni kushoto. Nimeingia jikoni nikaviweka chini kati yangu na Nyamizi. Nikamwambia, mkono wangu unauma, siwezi vyote viwili. Mimi beseni. Wewe birika. Upige magoti pembeni yangu, hadi mtu wa mwisho.

Hajasema nami tangu kisimani. Alinitazama tu, kisha akatazama birika, kisha mlangoni, kule sauti inakotokea jioni.

Baba anaita. Ametaja jina langu. Mama anasema maji yatapoa.

Nachungulia jikoni. Nyamizi amefunga kanga upya, amenawa uso. Beseni liko chini palepale nilipoliacha.

Birika halipo chini.